Siku Chuma Kilipoingia kwenye Injini ya Mwanangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Msisome mkiwa mnatembea, wala mkiwa mnakula. Najua mnapenda magari yanayopiga kelele. Mimi sikuyapenda zamani na sasa siyapendi, lakini nimeyapima injini zake misimu mitatu, na yaliyonipata kule uwanjani sitaki myasikie kwa watu wa bodaboda, ambao kila wakisimulia wanaongeza. Nawaambia mimi mwenyewe. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta maneno makubwa atarudi mikono mitupu.

Nakaa juu ya Tengeru, upande wa mlima, na mfereji wa maji unapita nyuma ya jiko langu. Mwanangu wa mwisho ni fundi wa magari, gereji yake iko mjini, Daraja Mbili. Ana mke na watoto wawili. Ni mtu mzima, ana mvi mbili za kidevu anazozing'oa akidhani sioni. Lakini akisikia injini inavuma mbali anageuza shingo kama mbuzi aliyesikia jani.

Wao, mafundi na madereva wa huku, wana mashindano yao. Si yale makubwa ya televisheni. Ni vigari vidogo vya zamani, vya milango minne, ambavyo vilishachoka kubeba watu. Wanang'oa viti, wanafunga mabomba ya chuma ndani ili gari likipinduka lisimbane mtu, wanakimbizana kwenye uwanja wa vumbi njia ya kwenda Momela. Mshindi anapata beberu na kikombe cha bati. Kwa miaka ya mwanzo ilikuwa hivyo, na hakuna aliyelala njaa kwa ajili yake.

Kisha pesa ikaingia. Mmoja alipanua silinda za injini yake akaweka pistoni kubwa zaidi, akawaacha wenzake nyuma. Mwingine naye akapanua. Wa tatu akaagiza injini nzima kutoka nje. Mwanangu naye akaanza. Kwanza ikaenda pikipiki yake. Halafu ng'ombe wa maziwa, yule mweusi, ambaye wajukuu zangu walikuwa wanakunywa maziwa yake. Nilinyamaza, kwa sababu ng'ombe alikuwa wake.

Halafu siku moja nikamkuta mtu mgeni kwenye shamba la chini, anapima kwa futi ya kukunja, na mwanangu amemshikia ncha.

Shamba la chini ndilo lenye udongo mweusi. Lina migomba na kahawa chache, na mvua ikikosea bado linatoa ndizi. Baba yake alimgawia yeye mbele ya ukoo na mbele ya wazee wa usharika, kwa sababu ni kitinda mimba, na kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani. Kwa hiyo msiniulize kwa nini sikumkataza. Ningemkatazaje? Lilikuwa lake. Mimi nilikuwa na mdomo tu.

Nikamwambia yule mgeni, "Baba, umepotea njia?"

"Hapana mama. Shikamoo. Naangalia tu."

"Marahaba. Umeshaangalia. Nenda."

Akaenda, lakini alimwachia mwanangu namba yake ya simu.

Jioni ile mwanangu akasema, "Mama, si kwamba napenda kuuza. Injini za wenzangu zimenizidi. Nikibaki na hii ya kwangu nitakuwa nakula vumbi lao mpaka nizeeke."

"Vumbi halina bei," nikamwambia. "Kula."

"Siachi kukimbia, mama. Nakuambia ukweli ili usije ukasema nilikuficha. Siachi."

Kwa kweli hakunificha. Hilo namkubalia.

Kilichonisaidia ni kwamba hakuwa peke yake. Wengi walikuwa wamechoka. Wakaitisha kikao gerejini kwake, na mimi nikashuka naye siku hiyo kwa sababu nilikuwa na maharage ya kupeleka mjini. Nikakaa juu ya tairi pembeni nikawasikiliza. Wakakubaliana kuwe na mashindano ya aina mbili. Ya kwanza, injini ndogo: silinda zibaki kama zilivyotoka kiwandani, kabureta moja, tairi za kawaida za barabarani. Anayekamatwa na silinda iliyopanuliwa anafungiwa mwaka mzima, hakimbii na injini ndogo. Ya pili waliiita wazi: weka unachotaka, uza unachotaka, utajua na mkeo.

Sheria ilikuwa nzuri. Ugomvi ulikuwa nani atapima, na atapima kwa kitu gani. Kile kifaa chao cha kupimia kina vimistari vidogo, kila mmoja akikishika anasoma lake. Huyu anasema iko sawa, yule anasema imezidi kidogo, wa tatu anasema miwani yako imezeeka. Walipiga kelele mpaka jirani anayeuza mkaa akaja kuchungulia.

Nikainuka. Nikawaambia, "Mimi nimeuza maharage soko la Tengeru miaka mingi. Sado, lile kopo la kupimia, halina mistari. Limejaa au halijajaa. Mnunuzi haulizi nani amesoma. Tafuteni kitu cha kuingia au kutoingia, muache kusomeana namba."

Kulikuwa na mzee mmoja pale, mkereza vyuma, mtu wa maneno machache, ana mashine yake kwenye kibanda cha jirani. Akasema, "Mama amesema. Nitachonga."

Akachonga. Kilikuwa chuma cha mviringo, kinene kama kikombe kikubwa cha chai, na mkono wa kushikia juu. Uzito wake kama kilo moja na nusu hivi. Alikichonga kiwe kikubwa kuliko silinda halali kwa unene wa karatasi tu, ile nafasi ya injini kuchakaa kwa haki. Injini inafunguliwa kifuniko chake cha juu, wanakiita hedi, halafu unakishusha chuma kwenye mdomo wa silinda. Kikigoma, wewe ni mtu wa haki. Kikiingia, umepanua. Hata mtoto wa chekechea anaweza kuamua.

Wakaniambia nikitunze mimi. Mmoja akasema ni kwa sababu mimi sina rafiki. Niliona ni sifa, nikakichukua. Nikakifunga kwenye kitenge, nikakiweka kwenye sanduku langu, na ufunguo wa sanduku hakuna mtu aliyewahi kuushika.

Mwanangu akarudi kwenye injini ndogo, yenye silinda za kiwandani. Lakini aliniambia wazi, na mkewe akiwa anasikia: "Nikifungiwa kwenye injini ndogo, mama, nahamia wazi. Na wazi haiendeki bila lile shamba. Namba ya yule mtu bado ninayo."

Mkewe alikuwa anamenya ndizi. Kisu kilisimama kidogo, halafu kikaendelea.

Sasa nifike siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi Meru ilikuwa wazi mpaka kileleni, baridi ya kuuma masikio, halafu kufika saa tano jua likawaka. Magari yalikuwa tisa. Mwanangu alikuwa na lake la bluu lenye mlango mmoja mwekundu. Mpinzani wake mkubwa alikuwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kutoka Kilimanjaro, mnene, mcheshi, anavaa kofia ya mashindano hata akiwa anakula. Wa tatu alikuwa mfugaji kutoka upande wa magharibi wa mlima, mpole, ambaye fimbo yake ya ng'ombe ilikuwa imefungwa ndani ya gari pembeni ya usukani. Alisema bila fimbo hajui anakwenda wapi.

Yule wa duka alinikuta nimekaa na kitenge changu mapajani.

"Shikamoo mama mkuu wa vipimo."

"Marahaba. Umekuja na injini au umekuja na duka?"

"Injini tu mama. Duka nimemwachia mke. Lakini leo nikimshinda mwanao usinipimie kwa hasira."

"Chuma hakina hasira."

"Ah, nyinyi Wameru! Ndizi mnapima kwa macho, injini mnapima kwa chuma."

"Na nyinyi mnapima mpaka kivuli cha mgomba mkakidai."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. Sikumchukia mtu yule. Namtaja hivyo ili mjue kwamba alichosema baadaye hakukisema kwa ubaya.

Wakakimbia. Mimi sitawaelezea mbio, sikuziona. Ni vumbi na kelele, na kila mzunguko nilikuwa nafumba macho kwenye kona ya mwisho. Nilisikia watu wanaruka, nikafumbua, nikaona ule mlango mwekundu umetangulia. Mwanangu alikuwa wa kwanza, wa duka wa pili, mfugaji wa tatu.

Desturi yetu ni kwamba magari matatu ya mbele yanafunguliwa injini. Na desturi ilikuwa tunafungua alasiri, watu wakishakula. Lakini siku ile kulikuwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa na haraka, alikuwa na harusi ya kuwahi mjini. Mwenyekiti wa kamati akasema tupime sasa hivi ili mgeni akabidhi beberu aondoke. Mafundi wawili wakavamia gari la mwanangu. Walifanya kazi na matambara mikononi, wanashika na kuachia, wanapuliza vidole. Vile vyuma vilikuwa vinaunguza. Niliona kwa macho yangu kwamba vinaunguza, na sikufikiri lolote.

Mimi nikaenda mferejini. Pale uwanjani unapita mfereji unaotoka msituni, maji ya kule mlimani, ukitia mkono unauma mpaka kwenye mfupa. Mimi nimekuzwa hivi: chombo hakiingizwi mahali bila kuoshwa. Panga, jembe, kisu cha kuchinjia, vyote vinapita mferejini kwanza. Na kile chuma nilikiosha kila mara kabla ya kupima, ili mafuta ya injini ya mtu yasiingie kwenye injini ya mwenzake. Nilikilaza majini nikakisugua kwa majani, nikakiacha kidogo kitakate, nikakifuta, nikarudi nacho kimeganda kama jiwe la mtoni.

Watu wakajaa kulizunguka gari. Simu juu, kila mtu anapiga picha. Nikamwambia mwanangu asogee. Akasogea, mikono kwenye makalio, anatabasamu.

Nikakishusha chuma kwenye silinda ya kwanza.

Kikaingia.

Sikukisukuma. Kiliteremka chenyewe, taratibu, mpaka mkono wa kushikia ukabaki nje peke yake. Nikakitoa. Nikaweka ya pili. Kikaingia. Ya tatu kikaingia. Ya nne kikasita kidogo halafu nacho kikaingia.

Zikalipuka kelele za watu wote kwa pamoja.

Nikainua uso nikamwangalia mwanangu. Lile tabasamu lilikuwa bado liko, limesahauliwa pale. Nikaliona shamba la chini, nikaona ile futi ya kukunja. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu wazima kwamba kikiingia kimeingia, na mimi sina midomo miwili.

Nikasema, "Kimeingia. Zote nne."

"Mama," akasema mwanangu.

"Nimesema kimeingia."

Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Bi mkubwa amemfunga mwanawe mwenyewe, hii ni noma!" Mwenyekiti akaanza kumweleza mgeni rasmi kwamba mshindi amebadilika. Na yule wa duka akatoka mbele anacheka, si kwa ubaya, anacheka cheko la mtu aliyeokota. Akasema, "Nileteeni beberu wangu jamani, nimeandaa kamba."

"Bado yako," nikamwambia. "Fungua."

"Fungua tu mama. Mimi sina siri."

Wakafungua ya kwake. Nikaenda tena mferejini, nikaosha, nikarudi. Nikashusha.

Kikaingia.

Ngoja niwaambie jinsi cheko linavyokatika. Halikatiki mara moja. Mdomo unabaki wazi, sauti inaisha. Yule mtu akavua kofia kwa mara ya kwanza siku ile, na kumbe ana upara.

"Mama, hapana. Hiyo injini sijaigusa. Naapa. Niitie mchungaji niape."

"Na mimi niitie mchungaji," mwanangu akasema.

Mfugaji alisogea mwenyewe akaanza kufungua nati za gari lake, taratibu, kama mtu anayefungua zizi. Tukasubiri. Nikaosha, nikashusha. Kikaingia.

Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Watu watatu, mmoja wa Daraja Mbili, mmoja wa duka, mmoja hana hata umeme nyumbani, wote wapanue kwa kipimo kimoja? Huyo mfugaji nilijua injini yake. Ilitolewa kwenye gari lililokuwa linabeba madumu ya maziwa. Nani angeipanua, na kwa nini?

Nikakiangalia chuma mkononi. Kilikuwa baridi, kimetoa unyevunyevu kama chupa ya soda.

Nikauliza, "Mkereza yuko wapi?"

Mzee yule alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari la maji, anakula muwa. Akaja. Akachukua chuma, akakigeuza, akakiweka shavuni kama mtu anayepima homa ya mtoto. Halafu akaweka kiganja juu ya injini ya mfugaji, akakiondoa haraka.

"Mama, hiki umekiosha wapi?"

"Mferejini. Kama siku zote."

"Na injini siku zote mnapima saa ngapi?"

"Alasiri. Zikishapoa."

Akatema ganda la muwa. "Chuma kikipata moto kinatanuka. Kikipata baridi kinanywea. Wewe umekinywesha hiki baridi, na hizi injini bado zina moto. Mimi niliacha nafasi ya karatasi moja. Hapo karatasi imeondoka."

Nikakaa chini. Nilikaa pale pale kwenye majani. Mimi ambaye nimefunika sufuria miaka yote na kulaani kifuniko kinachogoma kutoka kikipoa! Najua jambo hilo. Mikono yangu inalijua. Ila nilipopewa chuma cha mashindano nilidhani hicho si chuma kama vyuma vingine.

Kosa lilikuwa langu. Si la mafundi, si la mgeni rasmi na harusi yake. Nikasema kwa sauti, wasikie wa mbele na wa nyuma: "Nimekosea mimi. Tunasubiri zipoe."

Sasa, vijana, hilo halikupendeza kila mtu. Mmoja wa wale waliokuwa nyuma akasema, "Ahaa! Kilipomkamata mwanao, ndiyo chuma kimekosea." Wakacheka. Mwingine akasema, "Kama asingekuwa mwanao ungesubiri?"

Lilinichoma kwa sababu lilikuwa swali la haki. Na nililijibu kwa kitendo. Nilimwita yule wa duka. Nikampa kile chuma mkononi.

"Shika wewe," nikasema. "Saa kumi utampima mwanangu wewe mwenyewe. Mimi sitakigusa."

"Mimi mama? Mimi nimefuata nyuma yake. Akianguka mimi ndiye mshindi."

"Ndiyo maana."

Mkereza akamwonyesha jinsi ya kukilaza chuma juu ya injini yenyewe ya gari la bluu, kikiwa kimefunikwa kitenge. "Vikae pamoja," akasema, "vipoe pamoja." Yule wa duka akaleta kiti cha plastiki akakaa mbele ya gari kama askari wa benki. Mgeni rasmi akatupungia mkono akaenda harusini. Beberu akabaki amefungwa kwenye nguzo, anakula karatasi ya ratiba.

Saa zile tatu zilikuwa ndefu. Watu walikula loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, na nyama, wakasahau. Mimi sikuweza kumeza. Maana nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile: sikuwa na hakika. Wiki ile mwanangu alifunga mlango wa gereji siku tatu. Mkewe alimpelekea chakula akakipokea kwa dirishani. Mtu asiyeficha anafunga mlango wa nini? Kosa langu la mferejini lilikuwa kweli, lakini kosa langu halikumsafisha yeye. Angeweza kuwa amepanua, na mimi nimekosea, vyote viwili siku moja.

Nikamfuata. Alikuwa amekaa nyuma ya gari, mgongo kwenye tairi, anachora chini kwa nati.

"Umepanua?"

Hakuniangalia. "Kumbe na wewe unauliza."

"Nauliza. Mimi ndiye niliyekuzaa, nani mwingine aulize?"

"Mama, mbele ya watu wote umesema kimeingia. Hata hukuvuta pumzi."

"Kiliingia. Ulitaka niseme nini?"

Akacheka kidogo, cheko la puani. "Ulitakiwa useme hivyo hivyo. Ndiyo maana nimekasirika."

"Siku tatu mlango umefungwa. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasafisha."

"Siku tatu?"

"Ndiyo, siku tatu! Nimeifungua yote, nati kwa nati. Nimeng'arisha njia za hewa kwa msasa, nimepanga muda wa cheche upya, nimebadilisha ringi za pistoni kwa ringi za kawaida, za dukani. Hakuna kitu cha pesa mle ndani. Ni mikono tu. Nilifunga mlango kwa sababu wenzangu wakiniona nasugua na msasa kama mwanamke anayesugua sufuria wangenicheka."

"Kusugua sufuria ni kazi," nikamwambia.

"Najua, mama. Sasa najua."

Nilitaka kumwamini. Lakini kuamini si kupima.

Saa kumi jua likawa limeinama upande wa mlima, kaubaridi kakarudi. Mkereza akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo muda, akaitikia kwa kichwa. Watu wakajaa tena. Yule wa duka akainuka kwenye kiti chake, akafunua kitenge, akashika chuma kwa mikono miwili. Aliniangalia mimi. Nikageuza uso nikaangalia beberu.

Nilisikia chuma kikigonga chuma. Tii.

"Kimegoma," akasema mtu.

"Sukuma," akasema mwingine.

Nikageuka. Yule mtu alikuwa amekilalia chuma kwa uzito wake wote, na uzito alikuwa nao. Mshipa wa shingo umemtoka. Kilikaa pale juu ya mdomo wa silinda kama kifuniko, hakikushuka hata ukucha. Akajaribu ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akakizungusha, akakigonga kwa kiganja, akahema. Halafu akasimama wima.

"Hakiingii, mama. Mwanao ni wa haki. Na mimi nimeumia bega."

Sikulia. Wanaosema nililia wanaongeza. Nilipiga chafya kwa sababu ya vumbi, halafu nikapiga nyingine. Lakini kifua changu kilifunguka kama mlango wa ghala baada ya mavuno, hewa ikaingia mpaka chini. Nilisikia njaa papo hapo, njaa ya tangu asubuhi. Nikaomba loshoro, wakaniletea bakuli, nikala nimesimama, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya watu.

Wakapima na ya wa duka, akakishika mfugaji. Kikagoma. Ya mfugaji ikapimwa na mwanangu. Kikagoma. Wote watatu walikuwa watu wa haki, na mimi peke yangu nilikuwa nimekosea. Sijawahi kufurahia kukosea kama siku ile.

"Mama mkuu wa vipimo," akasema wa duka, anajisugua bega, "umenitoa jasho la bure. Nilikuwa nimeshaanza kujishuku mwenyewe. Nikasema labda mke wangu ameipanua nikiwa nimelala."

"Beberu si wako lakini."

"Mchukueni. Ila supu mniite."

Kamati ikaandika sheria mpya jioni ile ile, juu ya boneti: injini inapimwa ikiwa baridi, chuma kikilazwa juu yake kwa muda wa saa tatu, na anayepima ni yule aliyemfuata mshindi nyuma. Kutunza bado natunza mimi. Kukiosha nakiosha baada ya kupima, nyumbani, kwa maji yaliyokaa.

Tulifika nyumbani bado kuna mwanga. Mkwe wangu alikuwa ameshasikia habari zote mbili kwa simu, ile mbaya na ile nzuri, na ile mbaya ilikuwa imemkuta akichuma kahawa shamba la chini. Aliniambia aliendelea kuchuma tu, na mbichi, na mbivu, hajui anachuma nini. Alimwangalia mumewe akishuka garini na beberu. Watoto wakamkimbilia beberu.

Mwanangu akatoa simu. Hakuna aliyemwambia. Alisimama pale uani, mikono bado ina mafuta, akapiga.

"Mzee, shikamoo. Ni mimi wa lile shamba la Tengeru... Ndiyo. Haliuzwi. Hapana, si bei. Haliuzwi tu. Asante mzee."

Akaifuta ile namba, akamwonyesha mkewe kioo cha simu. Mkewe akasoma, akaingia jikoni, na huko jikoni nikamsikia akipuliza moto kwa nguvu kuliko moto ulivyohitaji.

Wote wakaanza kuongea kwa pamoja, nani amesema nini, kona gani, bega la yule mtu. Wangeongea mpaka usiku. Nikagonga bakuli na kijiko. Wakanyamaza.

Nikawaambia: "Kesho ni ibada ya kwanza, wote. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kila mtu shamba la chini na jembe lake, tunachimba mashimo ishirini ya migomba. Watoto watachota maji kabla ya shule. Na wewe dereva, mbolea utabeba mgongoni. Gari likae."